Kabla ya Kununua Cherehani ya Mtumba ya Kushona Viti vya Gari

Na Mwandishi Wetu, Kitale

Kazi ya kushona viti vya magari haikosi wateja katika kaunti yetu. Simama katika steji ya Kitale uangalie matatu zinazojaza abiria wa Kiminini, Webuye na Bungoma. Utaona viti vilivyochanika, sponji iliyotokeza na pikipiki za bodaboda zilizofunikwa kwa vipande vya gunia. Magari mengi tunayonunua huingia nchini yakiwa yameshatumika, kwani sheria inaruhusu gari la hadi miaka minane. Jua, vumbi na mizigo humalizia kilichobaki.

Kijana anayetaka kuanza kazi hii hukwama kwanza kwenye mashine. Mpya ni ghali, kwa hivyo wengi hununua ya mtumba. Hapo ndipo akiba ya miezi mingi inaweza kupotea kwa siku moja, si kwa sababu mashine ni mbovu, bali kwa sababu si ya kazi hiyo. Makala haya yanaeleza mambo ya kukagua kabla ya kutoa pesa, na jinsi ya kuanza baada ya kununua.

Si kila mashine ya kiwandani inashona viti

Mashine nyingi za mtumba sokoni zilitoka viwanda vya nguo. Zina nguvu na mwendo mkali, lakini zilitengenezwa kwa mashati na sare za shule. Katika mashine hizo, meno ya chini pekee ndiyo huvuta kitambaa. Ukiweka reksini yenye sponji, tabaka la chini huenda na la juu hubaki nyuma. Mshono hupinda na kava haliingii kwenye kiti.

Mashine ya viti ina miguu miwili inayopanda na kushuka kwa zamu, na sindano yake husogea pamoja na kitambaa. Kuitambua ni rahisi: zungusha gurudumu la mkono polepole kuelekea upande wako, uangalie. Kama mguu ni mmoja na umetulia tu juu ya kitambaa, hiyo ni ya nguo. Juki LU-563, Juki DNU-1541 na Consew 206RB ni mifano ya mashine za viti. Juki DDL-8700, ambayo mafundi wengi wa nguo wanaijua, si ya kazi hii.

Soma bamba la mota

Vibanda na maduka mengi yana umeme wa kawaida wa volti 240, wa fezi moja. Mashine iliyotoka kiwandani inaweza kuwa na mota ya fezi tatu, na iliyotoka Japani au Marekani inaweza kuwa na mota ya volti 100 au 110. Bamba dogo lililobandikwa kwenye mota huonyesha yote mawili. Kama halisomeki, mwite fundi wa umeme kabla ya kulipa.

Mota za zamani za klachi huzunguka muda wote swichi ikiwa imewashwa, hata kama hushoni. Mota za kisasa za servo huzunguka unapokanyaga tu, hazina kelele, hula umeme kidogo, na unaweza kuzipunguza mwendo. Kwa anayeanza, servo ni bora. Ikiwa mashine ni nzuri lakini mota haifai, mota inaweza kubadilishwa. Weka gharama hiyo kwenye hesabu yako unapojadiliana bei.

Nenda na kitambaa chako

Usikubali kuonyeshwa mashine ikishona kipande cha pamba. Beba reksini, sponji na uzi utakaotumia kazini. Kunja reksini iwe tabaka nne, kisha shona mstari wa urefu wa mkono. Geuza uangalie chini. Mishono iwe sawa pande zote mbili, bila kuruka na bila vifundo. Jaribu pia kushona kwa kurudi nyuma.

Kisha zima mashine na ushike nondo inayobeba sindano, uitikise. Ikicheza sana, imechakaa. Fungua sehemu ya bobini na utazame ncha inayodaka uzi: ikiwa imekatika au ina mikwaruzo, uzi utakuwa ukikatika kila mara. Muulize muuzaji kuhusu vipuri, sindano na bobini zake. Akikataa mashine isijaribiwe, ondoka. Hakuna haja ya kununua mbuzi kwenye gunia.

Sindano, uzi na mafuta

Mashine nyingi za viti hutumia sindano za aina ya 135x17, ambazo pia huandikwa DPx17. Sindano ya mashine ya nguo haina urefu unaofaa, na mishono itaruka. Namba 20 inafaa kwa uzi wa Tex 90; uzi mnene wa Tex 135 unahitaji namba 22. Uzi wa pamba huoza. Nailoni ni imara, lakini poliesta hustahimili jua zaidi, jambo muhimu kwa viti vilivyo karibu na dirisha. Tumia mafuta meupe ya cherehani pekee. Mafuta ya injini au ya kupikia hugandisha mashine.

Wiki ya kwanza

Anza bila uzi. Chora mistari kwenye karatasi na uifuate kwa sindano mpaka mguu wako uzoee pedali. Ukitia uzi, shikilia ncha zote mbili nyuma ya mguu wa mashine kwa mishono michache ya kwanza, usije ukasokota uzi chini.

Kazi ya kwanza iwe kiti cha bodaboda, si gari zima. Piga picha kava kuukuu kabla ya kulitoa. Lifumue, andika namba kwenye kila kipande, kichore kwenye karatasi ngumu na uweke alama mahali vipande vinapokutana. Unapobadilisha sindano, zima umeme na usubiri mota isimame kabisa; mota ya klachi huendelea kuzunguka kwa muda baada ya kuzimwa.

Usalama wa abiria uko mikononi mwako

Mikanda ya usalama katika magari ya abiria imekuwa ya lazima tangu 2004. Usiifunike wala kuikata unapovalisha kiti kava jipya. Pia angalia ubavu wa kiti: ukiona maandishi AIRBAG, ndani kuna mfuko wa hewa unaofumuka gari linapogongana. Kava likishonwa kufunika upande huo, mfuko unaweza kushindwa kutoka na kumwokoa mtu. Mwachie fundi wa magari atenganishe nyaya zake kabla kiti hakijatolewa, na umweleze mteja wazi kwa nini unaacha sehemu hiyo.

Mahali pa kupata msaada

Tangu ugatuzi, vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya serikali za kaunti. Fika katika chuo kilicho karibu nawe uulize kuhusu mafunzo ya ushonaji kabla ya kununua mashine. Hata wiki chache kwenye mashine ya chuo zitakuonyesha kama kazi hii ni yako. Fundi aliyejifunza kwa vitendo anaweza kufanya mtihani wa NITA, wenye madaraja ya tatu hadi ya kwanza, ili apate cheti. Ukifungua kibanda, chukua leseni ya biashara katika ofisi ya kaunti. Huhuishwa kila mwaka.

Ikiwa utakopa, iwe ni kutoka chama, sacco au Hazina ya Hasla, jaribu mashine kwanza ndipo uombe mkopo.