Kanga za Tunduma: jina huuza ndani, pambo huuza ng'ambo

Mfanyabiashara wa Tunduma anayefuata kanga Kariakoo huangalia jina kwanza. Kwa soko la ndani hakosei. Mteja wa Vwawa au Mlowo humnunulia wifi, mkwe au jirani, na maneno yaliyo juu ya pindo ndiyo yanayomfanya atoe fedha au aondoke.

Hesabu hubadilika mzigo ukivuka kwenda Nakonde. Kadiri mali inavyoingia ndani ya Zambia ndivyo wanaosoma Kiswahili wanavyopungua, na wanawake wa huko wamezoea chitenge, kitambaa kisicho na jina. Methali kali iliyopandisha bei Dar es Salaam huko haina kazi. Kinachosema ni pindo na mji.

Hapo ndipo mapambo ya zamani yanapostahili kuangaliwa upya. Korosho, lile umbo la tone lenye ncha iliyopinda, halikuanzia pwani. Ni pambo la Uajemi na shali za Kashmir, ambalo Waingereza waliliita kwa jina la mji wa Paisley, Scotland, ulioiga shali hizo. Macho ya pwani yaliona korosho, na jina likashika. Pambo lililokwisha kupita nchi zote hizo halihitaji mkalimani Lusaka.

Kisutu ni habari nyingine. Nyekundu, nyeupe na nyeusi, ni kanga ya harusi kwa watu wa pwani, na sura yake haijabadilika sana kwa vizazi. Faida yake kwa mwenye mtaji mdogo ni kwamba haichakai kwa tarehe: doti iliyobaki mwaka huu bado ni kisutu mwakani. Lakini maana ya harusi haivuki mpaka pamoja na kitambaa. Ng'ambo itauzwa kwa rangi tu.

Zinazododa upesi ni kanga za picha na matukio. Kanga za kumpongeza Barack Obama za mwaka 2008 zilikuwa na msimu wake, ukaisha. Mwaka wa uchaguzi ni mbaya zaidi, kwa kuwa kanga za vyama hugawiwa bure, na muuzaji hawezi kushindana na bure.

Liko pia suala la mkasi. Kanga huuzwa doti, vipande viwili vilivyoungana. Anayezikata mapema ili ziuzwe mojamoja kama chitenge, zikirudi Tunduma hatapata mteja wa doti.