Vidonge vya Famasi na Mfupa Unaokosa Damu

Mfanyakazi mwenzangu, na wewe mama wa nyumbani,

Umerudi kazini na kinena kinauma. Unasema ni uchovu wa kubeba mizigo. Unapita famasi hapa Katoyi, unanunua deksametazoni bila karatasi ya munganga. Maumivu yanatulia, kesho kutwa unarudi kununua vingine. Na nyumbani pengine bibi yako anameza vidonge hivyo hivyo ili anenepe!

Juu ya mfupa wa paja kuna kichwa cha mviringo kinachozunguka ndani ya nyonga. Kinalishwa na mishipa midogo sana ya damu. Deksametazoni na prednisoloni, zikimezwa kwa wingi au muda mrefu, zaweza kuiziba njia hiyo. Pombe nyingi ya kila siku pia, na kasiksi haikuachwa nje. Wenye ugonjwa wa damu wa SS wamo hatarini hata bila vidonge. Mfupa ukikosa damu unakufa polepole, kisha kichwa kinabonyea chini ya uzito wa mwili.

Wengi wananiuliza kama kuna dawa. Inayotajwa sana ni alendronati, ya kukaza mifupa. Majaribio mengine yalionyesha kwamba inachelewesha kubonyea, mengine hayakuona faida. Damu hairudishi. Munganga ndiye anayeamua kuitoa, tena mapema. Kichwa kikiisha kubonyea, hakuna kidonge cha kukiinua. Panabaki kupasuliwa, pengine kuwekewa nyonga ya chuma.

Basi kinena kikiuma majuma mawili, au ukianza kuchechemea, njoo dispensari. Taja vidonge vyote ulivyomeza, hata vya kunenepa. Sitakucheka wala sitamwambia mtu. Radio ya kwanza yaweza kuonyesha mfupa mzuri, na hapo wengi wanadanganyika. Maumivu yakiendelea, rudi. Hapa Goma matibabu ya mifupa yapo HEAL Africa. Ukingoja, shika fimbo kwa mkono wa upande usiouma, maana mawe yetu ya volkeno hayana huruma.

Lakini wewe uliyemeza vidonge hivyo majuma mengi, usiviache ghafula baada ya kusoma haya. Mwili umezoea kuletewa, umeacha kujitengenezea. Ukikatiwa siku moja waweza kuanguka, hata kufa. Njoo navyo mfukoni, munganga atavipunguza kidogo kidogo.