Platri imetoka, sasa mkono urudi namna gani?



Leo tuongee juu ya kifundo cha mkono. Kutoka Kavimvira mpaka Kalundu ni pikipiki ndizo zinatubeba, na mtu akianguka, kitu anachotanguliza chini ni kiganja. Uzito wote wa mwili unashukia hapo. Mara nyingi unaovunjika ni mfupa wa upande wa kidole gumba, karibu kabisa na kiganja. Abraham Colles, daktari wa Dublin, aliueleza mvunjiko huo mwaka 1814, miaka mingi kabla ya mionzi ya eksirei kugunduliwa mwaka 1895. Si ugonjwa mpya, basi. Lakini namna ya kuishi nao kisha matibabu, wengi hatuelezwi.

Mimi pia nilivunjika hapo, mkono wa kuume, na kazi ya mwisho wa masomo bado sijamaliza kuiandika. Walinipiga picha, wakanyoosha mfupa, wakafunga platri. Hiyo walifanya vizuri. Shida ilikuja mlangoni: "Mudogo, usitumikishe mkono. Utarudia kisha majuma sita." Basi, ndiyo hayo tu. Hata vidole nisivitumikishe? Nyumbani kila mtu akawa daktari. Mmoja anasema nikandwe na maji ya moto, mwingine anasema platri ikatwe mapema. Aliyenifungua macho ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo, wale tunaowaita kine. Aliniambia kwamba mfupa una kalenda yake, na viungo na misuli vina yao. Majuma sita ni hesabu ya mfupa tu.

Kwa hiyo, platri ikiwa bado mkononi, kinachopumzika ni kifundo. Vidole, kiwiko na bega vinatakiwa kutembea tangu siku za kwanza: funga ngumi, fungua, mara nyingi kwa siku. Ukikaa au ukilala, weka mkono juu ya mto, upite usawa wa moyo, ili uvimbe ushuke. Maji yasiiguse, maana jasi ikilowa inalegea na mfupa unakosa mshiko. Kuoga ziwani kutangoja.

Kuna dalili ambazo hazingoji tarehe yoyote: maumivu yanazidi hata umemeza dawa, vidole vimekuwa baridi, vimebadilika rangi kuwa bluu au vyeupe, au vina ganzi. Platri inaweza kuwa imebana damu. Rudi siku ile ile, hata usiku.

Uliza pia juu ya picha ya pili. Mfupa ulionyooshwa unaweza kuhama tena ndani ya platri, zaidi sana katika majuma mawili ya kwanza. Ukionekana mapema, kuurekebisha ni rahisi kuliko ukisha kuungana vibaya.

Siku platri inatoka, usiogope. Mkono utakuwa mwembamba, mgumu, ngozi inabambuka. Ni kawaida. Hapo ndipo kazi yako inaanza: kunja na kunjua kifundo, geuza kiganja kiangalie juu kisha chini, kamua kitambaa kidogo. Fanya kidogo kidogo, mara nyingi, kila siku. Kuvutwa vutwa kwa nguvu hakuharakishi kitu, kunaweza kuumiza zaidi. Na kidole gumba kikikataa ghafla kuinuka, rudi kwa daktari: mshipa wake unaweza kuwa umekatika.

Nguvu zote zinaweza kuchukua miezi mingi, hata mwaka. Mimi kalamu niliishika mapema, lakini jerikani ya lita 20 ilibaki kazi ya wadogo zangu kwa muda mrefu. Mwanzoni nililia moyoni, nikidhani mkono umekufa. Kumbe ulikuwa katika njia yake.

Ukivunjika wewe au ndugu yako, usitoke hospitali bila majibu ya maswali haya: Nitembeze vidole gani, mara ngapi? Dalili gani inirudishe upesi? Picha ya pili ni lini? Platri itatoka lini? Nani atanionyesha mazoezi? Omba waandike kwenye fishi yako. Si kumsumbua daktari. Ni mkono wako, na ndio utakaokulisha.