UHAMISHAJI SALAMA WA DISKI ZA ZAMANI ZILIZOFUNGWA KWA USIMBAJI

Watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanakumbushwa kwamba kumbukumbu iliyofungwa kwa usimbaji huweza kupotea kwa njia mbili: kufunguliwa na asiyehusika, au mwenyewe kushindwa kuifungua. Hatari zote mbili zinazikabili diski zilizofungwa kwa programu ya TrueCrypt.

Programu hiyo ilitolewa mwaka 2004, na watengenezaji wake waliiacha mwezi Mei 2014. Mwaka 2015 yaligunduliwa ndani yake mapungufu makubwa mawili kwa watumiaji wa Windows, na hayakurekebishwa. Mrithi wake ni VeraCrypt, iliyoanzishwa Ufaransa mwaka 2013. TrueCrypt hulizungusha neno la siri mara 1,000 hadi 2,000 kabla ya kutoa ufunguo. VeraCrypt, kwa utaratibu wa SHA-512, hulizungusha mara 500,000. Kwa hivyo, mwenye kubahatisha maneno hucheleweshwa mno.

Hata hivyo, toleo 1.25.9 la VeraCrypt ndilo la mwisho linalofungua diski za TrueCrypt. Matoleo ya 1.26, yaliyoanza mwaka 2023, hayazifungui.

Jambo hili si la afisi kubwa pekee. Jijini Arusha ilikuwepo Mahkama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyofungwa mwaka 2015. Kumbukumbu zake, zikiwemo siri za mashahidi, bado zinatunzwa Lakilaki. Mkaazi wa Kwa Mrombo, katika jiji hilo hilo, mwenye hati za kiwanja ndani ya diski ya zamani, anao wajibu ule ule kwa aila yake.

Utaratibu unaofaa ni huu:

(a) Diski ya zamani inakiliwe kwanza kama ilivyo, na nakala iwekwe mahali pengine.

(b) Diski ifunguliwe kwa toleo 1.25.9, kwa kuchagua hali ya TrueCrypt.

(c) Itengenezwe hifadhi mpya katika diski nyengine, kwa AES na SHA-512, na kwa neno jipya la siri. Kubadilisha neno tu katika diski ya zamani hakutoshi, kwani ufunguo wa ndani hubaki ule ule.

(d) Mafaili yanakiliwe, kisha yalinganishwe moja baada ya jengine.

(e) Kompyuta izimwe na kuwashwa, na hifadhi mpya ifunguliwe tena.

(f) Baada ya hapo tu, diski ya zamani na nakala yake zifutwe kabisa.

Kazi hii isifanywe pale umeme unapokatika mara kwa mara, isipokuwa kwa kompyuta yenye betri iliyojaa.

Mwisho, ifahamike kwamba hakuna fundi wala afisi iwezayo kulirejesha neno la siri lililosahauliwa. Kwa kumbukumbu za umma, neno hilo liandikwe, litiwe katika bahasha iliyofungwa, na likabidhiwe kwa saini kila mtumishi anapohama au kustaafu.