Kadi ya grafiki kwa kompyuta kuukuu: Fungua boksi kabla ya kufungua pochi

KATIKA miji mingi nchini Tanzania, kazi za kuhariri video za harusi, kuchapa kadi za michango na kusafisha picha za pasipoti hufanywa kwa kompyuta za mezani za mtumba. Nyingi ni Dell OptiPlex na HP zilizowahi kutumika maofisini ng’ambo, zenye prosesa za Intel Core i5 za kizazi cha tatu na cha nne, zilizoingia sokoni kuanzia mwaka 2012 na 2013.

Mashine hizo ni imara na kwa barua, risiti na hesabu za duka bado zinatosha. Tatizo huanza pale mteja anapoleta video aliyopiga kwa simu. Simu nyingi za sasa huweza kuhifadhi video kwa mfumo wa HEVC, ambao hupunguza ukubwa wa faili lakini hudai nguvu nyingi wakati wa kulifungua. Prosesa za vizazi hivyo hazina sehemu maalumu ya kuufungua mfumo huo, hivyo picha hukwamakwama na kazi ya siku moja huchukua siku tatu.

Kwa mwenye studio aliyekwisha kupokea malipo ya awali, hiyo ni hasara. Hapo ndipo anaposhauriwa anunue kadi ya grafiki, yaani kadi inayochomekwa ndani ya kompyuta kusaidia kazi za picha na video. Ushauri huo unaweza kuwa sahihi, lakini ukifuatwa bila vipimo unaweza kula mtaji wote na mashine ikabaki vilevile.

Hakikisha ugonjwa kwanza

Hatua ya kwanza haina gharama. Mwenye mashine aanze kazi yake ya kawaida, kisha abonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha litakalofunguka linaonyesha kinachoelemewa. Kama RAM imejaa, au diski inasoma asilimia 100 muda wote, kadi ya grafiki haitamsaidia.

Mashine yenye RAM ya GB 4 na diski ya zamani inayozunguka inahitaji kwanza RAM ifike GB 8, au GB 16 kwa kazi ya video, na diski ya SSD. Mwenye duka la pembejeo anayetumia kompyuta kwa mauzo na hesabu ataishia hapo, kwa sababu kazi zake hazihitaji kadi kabisa.

Kadi ina maana kwa anayehariri video, anayetumia programu kama DaVinci Resolve na Premiere Pro, au mwenye kibanda cha gemu.

Boksi la umeme ndilo linaloamua

Wanunuzi wengi huuliza kadi ina GB ngapi. Swali la kwanza lingekuwa inakula wati ngapi. Tundu la kadi kwenye ubao mama, linaloitwa PCI Express, limepangiwa kutoa wati 75 zisizozidi. Kadi inayohitaji zaidi ya hapo huwa na sehemu ya kuchomeka waya wake wa umeme, na kompyuta nyingi za maofisini hazina waya huo.

OptiPlex 7010 ya umbo dogo, kwa mfano, ina pawasaplai ya wati 240 kwa mashine nzima. Kadi kubwa ikiwekwa humo, mashine inaweza kujizima katikati ya kazi. Baadhi ya mashine za umbo dogo zimepangiwa kiwango kilicho chini ya wati 75, hivyo ni vema kusoma kitabu cha mtengenezaji.

Nafasi nayo ipimwe. Boksi jembamba hukubali kadi fupi tu, ile yenye bati la nyuma lililopunguzwa kimo. Ni busara kulifungua, kupima kwa rula na kwenda dukani na vipimo hivyo.

Kadi za kufikiria

GT 1030 ya mwaka 2017 inakula wati 30 na inaingia kwenye maboksi mengi. Inafungua video za HEVC bila taabu, lakini haina sehemu ya kutengeneza video mpya, hivyo kazi ya kutoa faili la mwisho hubaki kwa prosesa. Ziko za aina mbili. Yenye kumbukumbu ya DDR4 ni dhaifu kuliko ya GDDR5.

GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 ina GB 4, inakula wati 75, na inafungua na kutengeneza video za HEVC. GTX 1650 ya mwaka 2019 ina nguvu zaidi kwa wati hizohizo, ingawa baadhi ya matoleo yake yanadai waya wa ziada. Kwa boksi jembamba ipo Nvidia T400, yenye wati 30 na uwezo wa kutengeneza video.

RX 6400 ya mwaka 2022 inakula wati 53 tu na huvutia kwa gemu. Hata hivyo, nayo haina sehemu ya kutengeneza video, na kasi yake hupungua kwenye mashine za zamani. Kadi za Intel Arc ziachwe: Intel yenyewe inazitaka mashine zenye prosesa zake za kizazi cha 10 na kuendelea.

Skrini nayo isisahauliwe. Kadi za kuanzia GTX 1050 Ti na GT 1030 hazitoi picha ya VGA. Mwenye skrini ya VGA tu atahitaji kigeuzi chenye saketi ndani yake. Kile cha bei ndogo kinachobadili tundu tu hakitafanya kazi.

Bandia zipo

Sokoni kuna kadi za zamani zilizobadilishwa programu ya ndani ili zijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Programu ya bure ya GPU-Z huweza kuzifichua kwa kuandika neno FAKE mbele ya jina. Mnunuzi aombe kadi iwashwe mbele yake, ikaguliwe kwa programu hiyo, kisha icheze video ya HEVC kwa nusu saa. Feni inayokwaruza au picha yenye mistari ni sababu ya kuirudisha hapohapo.

Piga hesabu

Kadi ya wati 75 ikifanya kazi kwa nguvu zote saa nane kwa siku, siku 26 kwa mwezi, itaongeza takriban yuniti 15.6 za umeme. Ya wati 30 itaongeza 6.2.

Tuseme kadi inauzwa Sh240,000 na inamwezesha mwenye studio kuongeza kazi mbili kwa mwezi, kila moja ikiacha faida ya Sh30,000 baada ya umeme. Fedha yake itarudi baada ya miezi minne. Kama wateja hawaongezeki, haitarudi.

Umri wa mashine nao uingie kwenye hesabu. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10 Oktoba 14, 2025, na Windows 11 rasmi inataka prosesa za Intel za kizazi cha nane na kuendelea. Nvidia nayo ilitangaza mwaka 2025 kuwa kadi za kundi la GTX 1050 Ti na GT 1030 zitapata marekebisho ya usalama tu hadi Oktoba 2028. GTX 1650 na T400 hazimo katika kundi hilo.

Kwa hiyo, bei ya kadi ikikaribia bei ya kompyuta nzima ya mtumba ya kizazi cha nane, ni afadhali kuongeza kidogo na kununua mashine hiyo. Sehemu ya grafiki iliyo ndani ya prosesa zake za Intel hufungua HEVC yenyewe, na kwa kazi nyingi za studio ndogo hakuna kadi itakayohitajika.