Mume Mdogo wa Kariakoo

"Mume wangu, leo umeniletea nini?"

Anayeulizwa ana miaka 6. Begi la shule liko mgongoni, soksi moja imeshuka. Hajibu. Anajitupa mapajani kwa bibi yake na kuanza kupapasa pindo la kanga, akitafuta fundo. Bibi anajifanya kumzuia, kisha analifungua kwa meno. Sarafu ya shilingi 200. Mume keshalipwa, na bado hajasalimia.

Utani huu ni wa asili kwa watu wa Pwani. Mjukuu wa kiume ni mume, wa kike ni mchumba wa babu, na siku kijana akioa, bibi atamwita bi harusi mke mwenza na kudai haki yake. Watu hucheka, lakini utani huo unafungua mlango. Neno ambalo kijana hathubutu kumwambia mama, kwa bibi hulisema huku akicheka, na bibi hujibu papo hapo.

Na kuna heshima inayokaa ndani ya jina. Mtoto akirithi jina la babu mzaa baba, mama yake hatalitamka, kwa kuwa ni jina la mkwewe. Atamwita "Baba". Niliwahi kumwona mama kamshika mwanawe sikio, kikombe kimevunjika sakafuni, naye anasema kwa sauti ya chini: "Jamani Baba, ndiyo nini hivi?" Babu mwenyewe alikuwa barazani. Aliiweka sawa kofia yake, akatazama njiani.

Baraza hilo ninalikumbuka sana. Kariakoo, mtaa uliopata jina kutokana na Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza wa Vita Kuu ya Kwanza, ulijaa nyumba za Kiswahili: vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi, na uani nyuma. Ndimo ubibi ulimofanyiwa kazi. Uani bibi alimkanda mzazi kwa maji ya moto mpaka arobaini, akamkorogea uji wa pilipili manga, akamlaza kichanga juu ya miguu yake aliyoinyoosha, akamwogesha na kumnyoosha viungo. Ukumbini wajukuu walilala mkeka mmoja. Barazani aliuona mtaa mzima, akajua nani katoka madrasa na nani katoroka. Si mabibi wachache waliokuwa wenye nyumba wenyewe, wakila kodi ya vyumba bila kumwomba mtoto hata senti.

Sasa tajiri huja na mkataba: yeye ajenge ghorofa, familia ipewe sehemu yake. Chini fremu, juu stoo za mizigo, wenyewe huko juu zaidi au wamehamia Mbagala. Simlaumu anayekubali, kiwanja ni mali, na watoto wana shida zao. Linaloniuma ni mama mtu mzima kukaa chumbani akisikia wanawe wakigawana urithi wake naye yu hai, na wajukuu waliokuwa wakilala mkeka mmoja wakikatazwa kusalimiana. Tangu ghorofa lilipoporomoka hapa Kariakoo Novemba 2024 na kuua watu, bibi akisikia nyundo za jirani huhesabu wajukuu kwanza.

Huyu wa soksi iliyoshuka, bibi yake anaishi ghorofa ya tatu. Magoti hayamsaidii. Hata hivyo kila mchana, kabla shule haijatoka, anashuka ngazi moja moja, kigoda mkono mmoja, ukuta mkono wa pili, akakae kati ya fremu ya vitenge na fremu ya mabegi. Wauza duka wamemzoea, humsogezea mizigo. Mikokoteni inapita, bodaboda zinapiga honi, wapagazi wanapaza sauti wapishwe. Yeye shingo ndefu, anatafuta soksi.

"Ngazi zitakuua, bibi," kijana mmoja wa dukani alimwambia.

"Nikikaa juu," alijibu, "mume wangu atapokelewa na nani?"