Fahamu: Upungufu wa damu unaotokana na ukosefu wa vitamini

Ni hali ambapo mwili hukosa foliki asidi au vitamini B12, kisha hutengeneza chembe nyekundu za damu chache, kubwa kupita kiasi na dhaifu. Dalili ni uchovu, kizunguzungu, moyo kwenda mbio na ulimi kuuma.

Mikoa ya chakula, lakini

Mbeya na Iringa huilisha Tanzania mahindi, ila utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa Iringa walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Gunia kujaa ni jambo moja, mlo kamili ni jingine. Mahindi hayana B12. Hiyo hutoka kwenye nyama, maziwa, mayai na dagaa. Sembe iliyokobolewa hupoteza pia sehemu ya foliki asidi.

Tangu 2011 viwanda vikubwa vinatakiwa kuongeza virutubishi kwenye unga. Lakini debe la mahindi linalopelekwa mashine ya kijijini hurudi unga mtupu.

Madhara yake

Moyo unaosukuma damu hafifu kwa muda mrefu huweza kushindwa kazi. Mjamzito aliyekosa foliki asidi anaweza kujifungua mtoto mwenye mgongo wazi. Ukosefu wa B12 huharibu neva: miguu hufa ganzi, kumbukumbu hupungua, na ukichelewa kutibiwa madhara huenda yasirudi nyuma.

Vidonge

Usijinunulie foliki asidi kiholela. Hurekebisha damu huku neva zikiendelea kuharibika kwa kukosa B12. Pima kwanza.